Jinsi ya kuamsha dramu za miaka ya 60 bila kuziharibu

Nina seti mbili za dramu. Ya kwanza ni mpya na haijawahi kunisumbua. Ya pili ni Ludwig, dramu za Kimarekani, ya miaka ya 60, kila skrubu ina malalamiko yake, na ndiyo ninayoikalia kila siku. Besi yake, ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, ni inchi 22 lakini kina chake ni inchi 14 tu. Ukiikanyaga inajibu "dum" moja nene, kisha kimya. Ukipata seti ya namna hiyo, usiivamie.

Hatua ya 1: Fungua ngoma moja tu. Piga picha kwanza, skrubu zake zitie kwenye kopo lake. Ukizifungua zote kwa pamoja utajuta.

Hatua ya 2: Kagua pipa, yaani mwili wa ngoma. Livue ringi na ngozi, lilaze juu ya kioo kinene, zima taa, kisha mulika tochi kwa ndani. Mwanga ukichungulia chini, ukingo haujanyooka. Mwanya mwembamba si msiba. Usikimbilie kuuchonga upya, maana kingo za zamani zilizoviringana kidogo zinachangia ule unene wa sauti. Na tafadhali, usitoboe tundu jipya hata kama kishikio chako cha kisasa hakiingii.

Hatua ya 3: Saka kelele za mtetemo. Gonga pipa kwa kiganja, sikiliza. Nilihangaika miezi na tomtomu (ngoma ya ukubwa wa kati) iliyokuwa ikilia "zzz", fundi mmoja akaniambia pipa lina ufa. Kumbe ni springi zilizomo ndani ya vile vishikilia skrubu! Nilivifungua, nikazishindilia pamba, kelele ikaisha. Kagua pia kile kizuia mlio cha ndani; kikilegea, kinatetemeka.

Hatua ya 4: Safisha. Kutu ya juujuu kwenye kromu isugue taratibu kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji. Plastiki ya nje yatosha kitambaa chenye sabuni kidogo. Usianike juani.

Hatua ya 5: Wamba. Kabla ya ngozi za plastiki kuenea mwishoni mwa miaka ya 50, wapigaji walitumia ngozi ya ndama, iliyolegea kila hewa ilipojaa unyevu. Mimi nafunga ya plastiki, ya tabaka moja, iliyopakwa rangi nyeupe. Ngozi ikibana pipa, usiilazimishe. Dramu nyingi za zamani za Premier ya Uingereza, kwa mfano, zina vipimo vyake, tofauti na vya kawaida.

Kaza skrubu zote kwa vidole hadi zigome, ndipo ushike ufunguo: nusu mzunguko, kisha uende kwenye skrubu inayoikabili. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hapa ukivutia kwako tu, ngozi itakunja uso. Gonga inchi moja kutoka kila skrubu hadi zote ziimbe sauti moja. Ngozi ya chini naipandisha kidogo kuliko ya juu.

Hatua ya 6: Piga. Anza kwa mkono mwepesi. Pipa jembamba lina mengi ya kusema kabla hujalipigia kelele, na kishikio cha tomtomu kilichofungwa juu ya besi huteleza ukitumia nguvu. Miguu ya besi nayo ni dhaifu, hivyo besi hunikimbia. Nimefunga kamba kutoka kwenye besi hadi kwenye kigoda changu: ikisogea, tunasogea wote.