Ukitaka kulitafiti ini, anzia kwenye jokofu

Vijana wanaomaliza shahada ya kwanza hunifuata na swali lilelile: "Dada, nisome wapi niwe mtafiti wa saratani?" Wanangoja nitaje chuo cha Ulaya. Mimi nawauliza kama wamechanja homa ya ini B.

Sitanii. Wagonjwa wengi wa saratani ya ini huku kwetu wana kirusi hicho, na wewe utashika damu yao kila siku. Sindano ni tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, kisha mwezi wa sita. Mwezi mmoja au miwili baada ya ile ya mwisho, pima kingamwili. Ukipata mIU 10 kwa mililita au zaidi, vaa glavu twende.

Swali la utafiti litafute kwenye mambo uliyoyaona kwa macho. Kama umekulia kandokando ya Ziwa Victoria, unakijua kichocho cha tumbo: mgonjwa anatapika damu, ini limejaa makovu kuzunguka mishipa, lakini vipimo vya kazi ya ini vinaweza kusoma karibu na kawaida. Hapo pana swali. Mimi ni mtu wa Kiteto, wa mahindi. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara. Kenya mwaka 2004 wagonjwa walifika 317, wakafa 125. Hao ni waliokula sumu nyingi kwa mkupuo. Anayeila kidogo kidogo miaka ishirini, hasa akiwa na kirusi cha B, anaweza kuja wodini baadaye na uvimbe kwenye ini.

Vibali vianze mapema: kamati ya maadili ya taasisi yako, halafu NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na mkataba wa kuhamisha sampuli kama zitavuka mpaka. Wengi huomba wakiwa wameshanunua vifaa, vifaa vikaisha muda stoo.

Seli za kukuza maabara usizipokee kwa rafiki ukaamini lebo. "Seli za Chang" zilitumika miaka mingi kama seli za ini, kumbe ni HeLa, saratani ya mlango wa kizazi. Hata HepG2 zilizojaa kila maabara zilitoka kwa kijana wa Argentina wa miaka 15, na uvimbe wake ulikuwa hepatoblastoma, saratani ya ini ya utotoni, si ile ya watu wazima tunayoitibu. Lipia kipimo cha vinasaba cha kuzitambua.

Sasa sampuli, maana hapa ndipo watu hulia.

Kipande cha ini kinachotoka na sindano ni chembamba kama uzi mnene, urefu kama sentimita 2. Kigawe. Nusu ya kwanza iingie kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili, iende patholojia. Hiyo ni ya mgonjwa, usiiguse hata kama utafiti wako unakufa. Nusu ya pili itumbukize kwenye nitrojeni ya kimiminika papo hapo, kwa sababu RNA, nakala za vinasaba ambazo seli inazitumia, huoza haraka. Damu izungushe kwenye mashine, majimaji yake yagawe kwenye vichupa vidogo vinne vitano, kwani kila ukiyeyusha na kugandisha tena unaharibu. Andika kwa penseli au kalamu ya jokofu. Wino wa kawaida hufutika kwa spiriti, nawe utabaki na vichupa visivyo na wenyewe.

Mimi nilifanya yote hayo. Sampuli 86, miaka miwili, jokofu moja la nyuzi hasi 80. Pasaka umeme ukakatika, jenereta haikuwa na dizeli. Jumanne nilipofungua mlango, maji yalinimwagikia miguuni.

RNA yote ilikufa, na uzamivu wangu ulisimama juu yake. Msimamizi wangu hakugomba. Aliuliza tu vile vipande vya formalini viko wapi. Formalini hukatakata vinasaba, lakini mimi sasa nilihitaji kipande kifupi tu: kodoni 249, yaani herufi tatu tu za jeni ya TP53, ile inayozuia saratani. Ini likiisindika sumukuvu ili kuitoa, hugeuka kuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba, na mahali hapo herufi G ya vinasaba huwa T. Ni kama alama ya kidole cha mahindi mabovu. Nilianza upya na swali hilo.

Kwa hiyo gawa kila sampuli kwenye majokofu mawili, majengo mawili tofauti. Weka kengele ya kupiga simu, na namba ziwe za watu watatu wasiosafiri sikukuu moja. Halafu gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, kikombe kikae humo jokofuni. Ukirudi likizo ukakuta sarafu imezama chini, jokofu liliyeyuka na kuganda tena, hata kama kioo kinasoma hasi 80. Yangu bado iko juu; niliitazama leo asubuhi.