Kukata Manyoya ya Sungura wa Angora katika Milima ya Tanga

Sungura wa Angora, anayefugwa kwa ajili ya manyoya yanayosokotwa kuwa uzi, hafai kufugwa Tanga mjini, kwa kuwa manyoya yake marefu humzuia kupoza mwili, na joto la pwani laweza kumuua. Mfugaji wa mkoa huu atafute nafasi Lushoto, juu katika milima ya Usambara, na ajenge banda lenye kivuli na hewa ya kutosha. Asimdhanie kuwa sawa na mbuzi wa Angora, ambaye manyoya yake huitwa mohea.

Manyoya hukua takriban sentimita 2.5 kwa mwezi, hivyo hukatwa kila baada ya miezi 3. Katika kipindi hicho chote sungura achanwe manyoya kila wiki, na kazi hii isiahirishwe hata kidogo, kwani manyoya yakishikamana mafundomafundo hayasokoteki tena kuwa uzi, na sungura anapojilamba humeza nywele zinazoweza kuziba tumbo, ilhali hana uwezo wa kutapika. Apewe nyasi kavu kwa wingi.

Siku ya kukata, mweke juu ya gunia mezani, gawa manyoya kwa mstari katikati ya mgongo, kisha ulaze mkasi sambamba na ngozi. Usiyavute juu, maana ngozi ni nyembamba, huinuka pamoja nayo na kukatwa. Kunyofoa kwa nguvu ni ukatili nisiouafiki kabisa. Mwezi wa Julai, wakati wa baridi, mbakizie sentimita 1 au 2.

Manyoya marefu ya mgongoni yatengwe na ya tumboni, yakahifadhiwe makavu bila kushindiliwa.