Jinsi ya Kupata Uwanja wa Padeli Nchini Hispania

Mgeni anayefika Hispania akiwa na hamu ya kucheza padeli, mchezo wa raketi unaofanana na tenisi ambao mpira huweza kugonga kuta zinazozunguka uwanja, mara nyingi za vioo, hana haja ya kuhofia uhaba wa viwanja. Mwaka 1974 mwenye hoteli Alfonso de Hohenlohe alijenga viwanja viwili mjini Marbella, baada ya kuuona mchezo huo nyumbani kwa rafiki yake Enrique Corcuera huko Acapulco, Mexico, na tangu hapo umeenea kiasi kwamba hata miji mingi midogo ya nchi hiyo ina uwanja wake. Kinachomtatiza mgeni ni saa ya kucheza na wachezaji wenzake watatu, maana padeli kwa kawaida huchezwa na watu wanne, wawili kila upande. Kwa hiyo, kabla ya kufungua ramani, amua utacheza lini na pamoja na nani, kwa sababu majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha pa kutafuta.

Ikiwa uko peke yako, anza na programu ya simu iitwayo Playtomic, iliyoanzishwa Madrid na inayotumiwa na klabu nyingi za nchi hiyo. Ukishajisajili, utaulizwa maswali machache kuhusu uzoefu wako, kisha utapewa kiwango kati ya 0 na 7. Jibu kwa unyofu. Anayejikweza hujikuta katikati ya watu watatu wanaopiga mipira asiyoweza kuirudisha, na saa moja na nusu ya namna hiyo ni ndefu mno kwa pande zote. Baada ya hapo tafuta mechi za wazi, yaani zile ambazo mtu amekwisha kukodi uwanja na anahitaji wa kumkamilishia idadi. Utalipa robo yako tu kwa kadi, na mechi itathibitishwa nafasi zote nne zikijaa. Soma pia masharti ya kujitoa, kwani kila klabu hujiwekea muda wake wa mwisho wa kurudisha fedha.

Mkiwa tayari wanne, mlango ulio nafuu zaidi kwa kawaida ni vituo vya michezo vya manispaa, ambavyo vibao vyake huandikwa “polideportivo” au “centro deportivo municipal”. Hivi hukodishwa kupitia tovuti au programu ya halmashauri ya mji husika, wala si lazima vionekane katika programu za klabu binafsi, jambo linalowafanya wageni wengi wavipite bila kuvijua. Katika miji mingine mkazi aliyeandikishwa hupata punguzo au hutangulizwa katika kuweka nafasi, na saa nzuri huchukuliwa mara tu siku mpya zinapofunguliwa. Ukiona mfumo wa intaneti unakudai namba ya kitambulisho cha Kihispania, usikate tamaa, nenda mapokezini ukiwa na pasipoti, uulize “¿Hay pista libre?”, yaani kama kuna uwanja ulio wazi.

Wapo pia watu wanaokaa juu ya uwanja bila kuufikiria. Makazi mengi ya Kihispania yaliyojengwa kwa pamoja na kuzungukwa na uzio, yaitwayo “urbanización”, yana bwawa la kuogelea na uwanja wa padeli wa wakazi. Ukipanga nyumba ndani ya makazi hayo, hata kwa wiki moja, muulize mwenye nyumba kama mpangaji anaruhusiwa kuutumia, na kama anaweza kualika wageni.

Kuhusu saa, jioni za siku za kazi, takriban kuanzia saa 12 hadi saa 4 usiku, na asubuhi za Jumamosi na Jumapili ndizo zenye ushindani mkali na bei ya juu. Mchana, wenyeji wanapokuwa mezani au kazini, viwanja hubaki wazi na klabu nyingi hupunguza bei. Hata hivyo, nafuu hiyo ina gharama yake: mchana wa Julai mjini Sevilla si wa kuchezea nje, na mimi ningelipa zaidi nicheze usiku. Kaskazini, hasa Galicia na nchi ya Wabaski, kinyume chake tatizo ni mvua, kwa kuwa kioo kikilowa mpira huteleza ukutani badala ya kuruka. Huko tafuta maneno “pista cubierta”, yaani uwanja uliofunikwa paa.

Kabla ya kulipa, tazama picha za uwanja. Vipimo vya uwanja wa watu wanne ni vilevile kila mahali, mita 20 kwa 10, lakini baadhi ya viwanja vya zamani vina kuta za saruji badala ya vioo, na aliyezoea kioo atahitaji muda kuuelewa mdundo wa mpira kwenye saruji. Hakikisha pia kama taa zimejumuishwa katika bei, na kama bei uliyoonyeshwa ni ya uwanja mzima au ya mtu mmoja. Raketi, ambayo Wahispania huiita “pala”, hukodishwa mapokezini katika klabu nyingi. Mipira kwa kawaida hununuliwa, hivyo kubalianeni mapema nani ataleta kopo jipya.