Somo: kukuza sura kutoka mfano mdogo hadi jiwe kubwa

Nyuso nne za marais kwenye mlima wa Mount Rushmore, Marekani, kila moja kama mita 18, zilichongwa 1927 hadi 1941 kwa vipimo, si kwa jicho. Mchongaji wake, Gutzon Borglum, alipima mfano wa plasta akazidisha kwa 12. Kwa jiwe letu la matumbawe, kuzidisha kwa 4 kunatosha: uso wa sm 25 unakuwa mita 1. (Jiwe hili hubezwa bure, tazama maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa Kiarabu, ya msikiti wa Kizimkazi, ya 1107.)

Tayarisha seti mbili, ndogo na kubwa: ubao wa duara wenye nyuzi (digrii) 0 hadi 360, rula inayozunguka kwenye msumari wa katikati, na timazi (uzi wenye kizito) inayoning'inia kwenye rula.

1. Funga ubao utosini, sawa kwa pima maji, sifuri ielekee puani.

2. Gusa shavu la mfano kwa timazi, andika namba tatu. Tuseme nyuzi 35, sm 11 kutoka msumarini, sm 14 kwenda chini. Kwenye jiwe ni nyuzi 35, sm 44, sm 56. Nyuzi hazizidishwi! Ukizizidisha unapata 140, na shavu limehamia kisogoni.

3. Kwenye jiwe timazi haifiki ndani, basi ining'inize nje, tuseme sm 55. Shavu liko sm 11 ndani ya uzi wa timazi. Chimba kwa tindo, simama kwenye sm 9. Hizo 2 ni za kumalizia. Upepo ukiyumbisha timazi, itumbukize kwenye ndoo ya maji.

4. Anza na pua. Ikivunjika mapema, uso mzima unaweza kurudishwa nyuma. Mashavu yakishamalizika, huna pa kurudi.

Maswali

— Fundi, nikikuta ufa katikati ya kazi?
Kule Rushmore uso wa Jefferson ulianzwa upande mmoja wa ule wa Washington, mwamba ukawa mbovu, 1934 ukalipuliwa na kuhamishiwa upande wa pili. Wewe gonga kabla: jiwe zima hulia, lenye ufa hutoa sauti butu. Ufa mwembamba jaza chokaa na unga wa jiwe lilelile. Saruji usitie, ni ngumu kuliko jiwe na hufungia chumvi ndani. Pembeni yake patamung'unyika.

— Macho yangu yanaonekana ya kipofu.
Mboni umeiacha bapa. Ichimbe, ubakishe kijiti cha jiwe katikati kinase jua. Kile cha Rushmore ni kama sm 55.

— Jabali la pwani je, ndugu?
Hapana. Mawimbi hulila chini likabaki kama uyoga.