Ninavyonunua hisa nzuri soko likinuna

Kwa wastani wa miaka mingi, Septemba ndio mwezi mbaya zaidi kwa fahirisi ya S&P 500 ya Marekani, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa kama 500 za huko. Mimi hujiandaa Agosti, kichwa kikiwa bado kimetulia: naandika daftarini kampuni tano tu, na kando ya kila moja bei niliyo tayari kulipa. Kabla ya kuiandika nasoma hesabu zake za miaka 5. Faida ya kwenye karatasi hainitoshi. Natafuta fedha taslimu inayobaki baada ya gharama, kisha natazama madeni. Bei ikishuka najiuliza: kampuni imeharibika, au soko zima limenuna? Likiwa soko, nanunua theluthi ya hisa ninazotaka kwa bei ya kikomo, yaani silipi zaidi ya ile niliyoandika, na theluthi nyingine wiki mbili baadaye. Iliyobaki nasubiri nayo, ingawa najua kuna Septemba zinazopanda. Pesa ya kodi ya nyumba siigusi kabisa.