SOMO: Demoidi au epidemoidi? Sisti za uso na shingo kwenye slaidi

Swali la kutofautisha sisti (kifuko chenye uji au majimaji ndani) ya demoidi na ya epidemoidi linaulizwa humu kila siku, naandika mara moja, ukiuliza tena nakutumia link.

1. Soma fomu ya daktari iliyokuja na sisti: umri, sehemu, imeanza lini. Mtoto, kwenye nyusi upande wa nje, ipo tangu azaliwe, hapo demoidi inanukia.

2. Pima, pasua, angalia ndani. Ukikuta nywele kwenye ule uji mweupe, andika.

3. Kata vipande vya ukuta. Hapa tulieni. Tezi za mafuta na vinyweleo (vishimo vya kuotea nywele) haviko ukuta mzima, vinakaa kwa mafungu, sasa mtu anachukua kipande kimoja chembamba, anaona utando wenye keratini (protini ngumu ya ngozi na nywele) basi, anaandika epidemoidi anaenda kunywa chai. Chukua vipande kadhaa, hasa pale ukuta ulipo mnene. Sisti ilikuwa na nywele halafu slaidi haina kinyweleo hata kimoja? Rudi kwenye chupa ya fomalini (dawa inayohifadhi sisti), ukate vipande vingine! Na kama imetolewa na ngozi ya juu, usihesabu tezi za ngozi hiyo kuwa za sisti, fuatilia kama zimeungana na utando wa sisti yenyewe.

4. Soma. Utando wa skwamasi (seli bapa kama za ngozi) na keratini tu: epidemoidi. Ukiongeza vinyweleo, tezi za mafuta au za jasho: demoidi. Ukikuta pia misuli, utando wa njia ya hewa au wa utumbo: teratoidi, adimu hiyo.

MASWALI

Intani: Mkuu kwa hiyo yenye tezi ndo ipi?
— Namba 4.

Intani: Nimesoma ila sijaelewa
— Hujasoma.

Dada Bloku: Ya katikati ya shingo, naitofautishaje na ya thairoglosi (masalia ya njia iliyopita tezi ya thairoidi toka kwenye ulimi)?
— Swali zuri dada. Tafuta folikuli (vifuko vidogo) za thairoidi ukutani, japo zisipoonekana bado usiifute. Muulize na daktari kama ilikuwa inapanda mgonjwa akitoa ulimi, ya thairoglosi kawaida inapanda. Ya pembeni yenye tishu nyingi za limfu ukutani, fikiria ya brankia (masalia ya matao ya shingo ya kiinitete), ila mgonjwa akishapita miaka 40 usikimbilie kuandika hivyo, kansa ya tonsili ikihamia kwenye tezi ya limfu inaweza kujificha kama sisti.

Mzee wa Hadubini: Yangu ilipasuka, naona seli kubwa za viini vingi tu.
— Keratini ikivuja mwili unaishambulia kwa hizo seli kubwa, utando unaliwa. Kata tena, tafuta vipande vya nywele ndani ya hizo seli. Ukikosa, andika ulichoona, usibuni jina.

Dada Bloku: Na za puani?
— Katikati ya pua, hasa pakiwa na kitundu kinachotoa nywele, picha ya CT au MRI kwanza ndo kisu, mzizi unaweza kuingia hadi ndani ya fuvu. Waambie wa upasuaji, sisi tunaletewa tayari imeshakatwa.