Igeuze Kwanza: Kukusanya Bangili za Kizamani za Wabunifu wa Marekani

Bangili ya kizamani inunuliwe kwa mgongo wake. Vijiwe vya mbele viliwekwa vikutie kiwi, ndiyo kazi yao. Nyuma na kwenye kifungio hakuna aliyehangaika kuficha kitu. Mimi ni fundi saa. Kazi nilifundishwa na baba mdogo Mombasa, na sasa naifanyia Pawtucket, jimbo la Rhode Island, pua na mdomo na Providence, mji uliokuwa kitovu cha vito vya bandia vya Marekani kwa muda mrefu wa karne ya 20. Coro, kampuni ya vito hivyo, walikuwa na kiwanda chao kikubwa hapo. Ndiyo maana huku kwetu droo ya bibi kizee yeyote inaweza kutoa kitu cha kumshughulisha fundi wiki nzima.

Nikisema bandia nieleweke. Kwetu pwani bangili ni akiba. Mama mkwe wangu akiona mkono umevikwa kitu kinachong'aa, swali lake la kwanza ni gramu ngapi. Hapa gramu sahau. Unalipia ubunifu na mkono wa fundi. Alfred Philippe, aliyeongoza ubunifu wa kampuni ya vito bandia ya Trifari tangu 1930 hadi 1968, alikuwa amekwisha kubuni vito vya kweli vilivyouzwa na Cartier na Van Cleef & Arpels kabla hajagusa madini ya kawaida. Mwaka 1953, Mamie Eisenhower aliagiza Trifari wamtengenezee seti ya lulu bandia avae usiku wa sherehe ya kuapishwa kwa mumewe kuwa Rais, na alikuwa na uwezo wa kuvaa lulu za baharini.

Mbona bangili, na si bruchi au hereni? Bruchi hukaa kifuani kwa utulivu. Bangili hugonga meza, huingia kwenye maji ya vyombo, hunywa jasho na manukato. Katika seti, mara nyingi bangili ndiyo hutangulia kuharibika au kupotea, kwa hiyo iliyobaki nzima ina haki ya kukutoa jasho na wewe kidogo.

Sasa kuikagua. Niitumie iliyo mezani kwangu: Trifari ya viungo, ya kuchovya dhahabu, ina mistari miwili ya vijiwe vyeupe. Ishike ncha moja uiache ining'inie. Viungo vinapaswa kushuka vimenyooka. Kimoja kikienda upande, ama pini yake imelika ama kuna mtu alishapita na lehemu. Igeuze chini ya lenzi ya kukuza mara 10. Lehemu ya kiwandani ni safi na haionekani sana. Ya nyumbani ni donge la kijivu lililomwagika hadi mahali pasipohusika. Ukiona donge hilo, shusha bei au ondoka.

Kisha angalia kingo za viungo. Hapo ndipo uchovyaji huanza kuisha, kwa sababu hapo ndipo bangili husuguana na nguo. Kingo zikipauka kidogo, kubali. Bangili imevaliwa, si dhambi. Uso wa mbele ukiwa umetoka mabaka, wacha. Kuchovya upya kunawezekana, lakini vijiwe vyote vitolewe kwanza, na ukimaliza mkusanyaji mwenzio ataitambua na hatakupa bei yake.

Kifungio nakipa muda kuliko kitu kingine chochote. Kile cha kisanduku kina ulimi wa bati lililokunjwa unaoingia ndani na kulia "tik". Usiposikia mlio, ulimi umelegea. Hilo ni jambo dogo: ingiza ncha ya wembe kwenye mkunjo, uufungue kwa unene wa unywele, jaribu tena. Usiupinde mara nyingi, bati lile lina umri wa babu yako na linakatika. Bangili ngumu yenye bawaba ifungue na uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, pini ya bawaba imekwisha. Kama kuna kicheni cha usalama, angalia kama pete zake mbili za mwisho zinafanana na za katikati, maana wengi hukibadilisha.

Chapa huwa kwenye ulimi wa kifungio au kwenye kisahani kidogo nyuma. Hapa watu hupenda kusoma jina tu, na jina peke yake halitoshi. Muhuri wa Trifari wenye taji juu ya herufi T ulianza mwishoni mwa miaka ya 1930. Alama ya © ni ya msaada mkubwa: mwaka 1955 Trifari walishinda kesi dhidi ya kampuni ya Charel, mahakama ya New York ikakubali kwamba vito vya bandia vinaweza kulindwa kwa hakimiliki kama kazi ya sanaa. Tangu hapo alama hiyo ikaenea kila mahali. Muuzaji akikuambia bangili yenye © ni ya 1940, mwache aongee. Ila bangili kukosa © hakuthibitishi kwamba ni ya zamani zaidi.

Neno "Sterling", yaani fedha halisi, kwenye bangili ya kampuni iliyozoea madini ya kawaida mara nyingi linaelekeza miaka ya vita, kuanzia 1942, serikali ilipozuia madini mengi yasitumiwe kwa mapambo na watengenezaji wakakimbilia fedha ya kuchovya dhahabu. Vijiwe vyenye mng'ao wa rangi za upinde wa mvua, vinavyogeuka bluu, waridi na kijani ukivizungusha, vilitolewa na Swarovski wakishirikiana na Christian Dior katikati ya miaka ya 1950. Havipatikani kwenye bangili ya kabla ya hapo isipokuwa vimebadilishwa. Na ukikuta namba ya hataza, ile haki anayopewa mvumbuzi, iandike kwenye sanduku la kutafutia la Google Patents. Mara nyingine inakuja michoro yenyewe na jina la mbunifu. Soma vizuri lakini: hataza nyingi ni za kifungio au bawaba, si za sura ya bangili, na kampuni ilikitumia kifungio hicho miaka mingi. Hollycraft ndio walioturahisishia, walipiga mwaka wenyewe kwenye bidhaa zao nyingi za miaka ya 1950.

Kwa anayeanza, nasema bangili za kampuni za Monet na Napier. Si za kuwatambia watu, lakini Monet walichovya kwa unene wa kuheshimika na vifungio vyao vinanifurahisha kama fundi. Sarah Coventry ziliuzwa kwenye hafla za majumbani, zimejaa kila mahali na ni rahisi. Nunua moja uifumue, ujifunze. Weiss na Eisenberg ni za wapenda vijiwe, na zote mbili zimeigwa sana; angalia kama vijiwe vimekamatwa na vikucha au vimebandikwa tu kwa gundi, na kama chapa imepigwa safi. Mbunifu Kenneth Jay Lane alianza 1963, na bangili zake za vichwa vya wanyama zina ucheshi wa aina yake. Chapa ya K.J.L. yenye nukta kwa kawaida ni ya miaka ya mwanzo.

Miriam Haskell ni mlango mwingine kabisa. Alifungua duka lake New York mwaka 1926, na bidhaa zake nyingi za mwanzo hazina chapa, kwa hiyo ni lazima ujue kazi yenyewe. Pindua bangili ya Haskell: shanga na vijilulu vimefungwa kimoja kimoja kwa waya mwembamba kwenye bati la matundu, halafu bati jingine la matundu limewekwa nyuma kuficha waya ili usikwaruze ngozi. Gundi haikuwa desturi yao. Ukiona shanga zimekaa kwenye bwawa la gundi inayong'aa, huyo si Haskell, au ni Haskell aliyepita mikononi mwa mtu asiye na subira.

Kuna pia bangili zisizo na chapa ambazo wakusanyaji huzipigania. Kampuni ya DeLizza & Elster ya Brooklyn ilitengenezea wengine, na zake zilizotoka na kilebo cha karatasi cha "Juliana" ziliuzwa muda mfupi tu, 1967 na 1968. Kilebo kilitupwa siku ya kwanza. Zinatambulika kwa ujenzi: bangili ya viungo vikubwa vitano, mawe makubwa ya rangi, mengine yameachwa wazi nyuma mwanga upite. Shida ni kwamba siku hizi kila bangili kubwa yenye mawe huitwa Juliana.

Bakelite, plastiki ya zamani, inataka pua. Leo Baekeland aliigundua 1907, na bangili zake zilikatwa kutoka kwenye mabomba na nondo za plastiki hiyo kisha zikachongwa, kwa hiyo hazina ule mstari wa kalibu unaoonekana kwenye plastiki ya kumimina. Iweke chini ya maji ya moto ya bomba nusu dakika, unuse. Inatoa harufu kali ya dawa. Waliooga kwa sabuni nyekundu ya Lifebuoy ya zamani wataijua papo hapo. Ikinuka kafuri, hiyo ni seluloidi, plastiki nyingine ya zamani, na bangili za seluloidi zenye vijiwe za miaka ya 1920 zina soko lake, ila maji ya moto si rafiki yake, usirudie. Njia ya pili ni dawa ya kung'arishia chuma ya Simichrome: paka kidogo kwenye kitambaa, sugua ndani ya bangili, kitambaa kigeuke njano. Nyeusi mara nyingine hugoma kutoa njano ingawa ni ya kweli. Sindano ya moto usiikaribishe hata kidogo. Inaacha kovu kwenye Bakelite, na seluloidi inawaka.

Pa kununulia. Maduka ya mitumba ya Goodwill na Savers, mauzo ya vitu vya nyumbani baada ya mwenye nyumba kufariki au kuhamia kwa wanawe, na soko la Brimfield, Massachusetts. Brimfield lilianza 1959 na hufanyika mara tatu kwa mwaka, Mei, Julai na Septemba, kandokando ya barabara namba 20. Nenda alfajiri na tochi ukitaka vitu, nenda siku ya mwisho ukitaka bei. Wamarekani wana sifa ya kutopatana bei, lakini Brimfield wanapatana, sema tu kwa adabu, "Ukinipa hizi tatu pamoja utanifanyia ngapi?" Ukianza kuiponda bangili mbele ya mwenyewe, kama tulivyozoea Marikiti, ananuna na mchezo umekwisha.

Mtandaoni omba picha nne: mbele, nyuma, kifungio kikiwa wazi, na bangili kando ya rula. Nyingi za zamani ni za sentimita 18 au pungufu, na mkono ulioshiba hauingii. Bei itazame kwenye vilivyokwisha kuuzwa, si kwenye vinavyoombwa. Muuzaji anayeandika "mtindo wa Haskell" amekuambia mwenyewe kwamba si Haskell.

Usafi sasa, na hapa nitakuwa mkali: usiitumbukize bangili ya vijiwe majini. Nyuma ya kijiwe kuna utando wa rangi ya fedha unaorudisha mwanga. Maji yakiingia, utando unaoza, kijiwe kinageuka kijivu au manjano na hakirudi. Tumia brashi laini kavu ya vipodozi. Uchafu ukigoma, kijiti cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa. Kutu ya kijani itolewe kwa kijiti cha meno na siki kidogo kwenye pamba, kisha ikaushwe kwa draya ya hewa baridi, na bangili hiyo ikae peke yake. Siki isiguse lulu bandia. Inakula ganda lake.

Kijiwe kilichodondoka kinarudishwa kwa gundi ya vito inayokauka polepole. Zile gundi za papo kwa papo hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye vijiwe vya jirani. Safisha kikombe kwanza kwa kijiti cha meno mpaka gundi ya zamani itoke, tia tone dogo kama kichwa cha pini, inua kijiwe kwa kijiti kilichopakwa nta, kiweke, uache usiku mzima. Kama ni cha vikucha, gundi haihitajiki: rudisha vikucha kwa kipande cha mti mgumu, kimoja kisha cha mkabala wake, usizunguke duara. Vijiwe vya akiba natoa kwenye bangili zilizovunjika za umri uleule, kwa sababu kijiwe kipya kina weupe mkali unaojitangaza katikati ya wazee.

Zilaze, usizining'inize, viungo vinavutika. Seluloidi isifungiwe kwenye plastiki, inataka hewa. Bakelite isiachwe dirishani. Na ukituma nyumbani pwani, kumbuka chumvi ya hewa: dada yangu Mombasa namtumia Monet nzito zisizo na vijiwe, na pakiti za kufyonza unyevu ndani ya kopo, na zinamstahimilia. Bangili za vijiwe zinabaki huku bara baridi hadi atakapokuja kuzivaa mwenyewe.